Kipimo Chako cha Moshi

Mara ya kwanza kuonja wiski ya kisiwa cha Islay nilidhani mwenyeji wangu amekosea chupa. Tulikuwa tumemaliza kula, sahani zimeondolewa, naye akanimiminia kidogo katika glasi bila maelezo yoyote. Nilipoinusa nilisikia harufu ya wodi: bendeji, iodini, dawa ile ya kupigia deki sakafu ya hospitali, na nyuma yake jivu la moto uliomwagiwa maji. Nikamrudishia glasi yake. "Kaka, hii ni kali mno," nikamwambia. Akaniuliza, "Kali ya pombe au kali ya moshi?" Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kufikiri kwamba ni vitu viwili.

Kiswahili chetu kinalibebesha neno hilo mizigo mingi. Pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, na pombe yoyote inayotoka kiwandani kwa kukenekwa tunaiita pombe kali. Kwa hiyo mtu akionja wiski yenye moshi mzito na kuikataa, husema ni kali. Na akionja wiski isiyo na moshi hata chembe lakini yenye asilimia 60 ya pombe, naye husema ni kali. Mambo hayo hayana undugu. Ukali wa pombe huunguza koo, hupimwa kwa asilimia, na kisheria wiski ya Kiskoti haiwekwi kwenye chupa ikiwa chini ya asilimia 40. Moshi ni ladha. Laphroaig ya miaka 10 huuzwa Uingereza ikiwa na asilimia 40, sawa kabisa na Johnnie Walker Red Label inayojaa kaunta zetu, ilhali mtu akiwa amefumba macho atazitofautisha kabla glasi haijafika mdomoni.

Ninaandika makala haya kwa ajili ya mtu mzima anayekunywa kwa kiasi, ambaye amesikia sifa za wiski za moshi, na anataka kujua kama zinamfaa kabla hajatoa fedha nyingi kununua mzinga mzima. Nataka ajue mahali pake. Wapo wanaoupenda moshi mwingi, wapo wanaotaka harufu yake kwa mbali tu, na wapo wasioutaka kabisa, na kila mmoja kati yao Uskoti imemtengenezea kitu kizuri.

Moshi unatoka wapi

Sehemu kubwa ya kaskazini na magharibi ya Uskoti, pamoja na visiwa vyake, ni ardhi ya baridi yenye maji yaliyotuama. Mimea ikifa humo haipati hewa ya kutosha kuoza hadi mwisho. Hujilundika tabaka juu ya tabaka, kwa wastani wa milimita moja hivi kwa mwaka, kiasi kwamba kina cha mita moja ni kazi ya miaka kama 1,000. Hiyo ndiyo mboji ninayoisema hapa. Mkulima wa bustani akisikia neno hilo hufikiria samadi na majani yaliyooza. Hii ni ndugu yake wa kinamasi, nyeusi na nzito, inayokatwa kwa sepetu nyembamba kama matofali, ikaanikwa upeponi hadi ikauke, kisha ikachomwa kama kuni.

Wasomaji wa Rwanda wanaijua kwa jina la nyiramugengeri, na nchini mwao, kama ilivyo Burundi, huchimbwa kwa ajili ya nishati. Bonde la Kongo nalo limebeba hazina kubwa ajabu ya udongo huo: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha eneo lipatalo kilomita za mraba 145,500. Kwa hiyo kitu chenyewe si kigeni kwetu. Kilicho cha Waskoti ni kugeuza moshi wake kuwa kiungo.

Neno kimea pia hatukuhitaji kuliazima. Mama anayelowesha ulezi na kuuacha uchipue kwa ajili ya mbege kule Kilimanjaro anafanya kazi ileile anayoifanya Mskoti kwa shayiri. Nafaka hulowekwa siku mbili hivi, ikaachwa ichipue kwa siku tano au zaidi kidogo, kisha ikakaushwa ili uchipuaji usimame. Hapo kwenye kukausha ndipo ladha yote ya moshi inapoamuliwa. Shayiri hutandazwa juu ya sakafu yenye matundu, na chini yake huwashwa moto. Ukiwa moto wa makaa ya mawe, gesi au mafuta, kimea hutoka safi. Ukitiwa mboji, moshi hupanda na kushika kwenye maganda ya nafaka ambayo bado yana unyevu. Nafaka ikishakauka, moshi hauishiki tena vizuri, na ndiyo maana mboji huchomwa saa za mwanzo.

Mtu wa pwani anayefukiza nguo kwa udi atauelewa mpango huu bila kufundishwa. Udi ukishika moto umeharibika. Kinachotakiwa kwenye chetezo ni kufuka polepole. Mboji nayo huchomwa hivyohivyo, moto ukibanwa usije ukawaka na kula moshi wake wenyewe. Na Mkalenjini anayesugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet kabla ya kutia maziwa ya mursik anajua jambo jingine lenye maana hapa: moshi uliowekwa mapema, kwenye chombo au kwenye nafaka, hupita safari yote ya uchachushaji na bado ukasikika mwishoni.

Kemikali zinazobeba harufu hiyo huitwa fenoli. Mwaka 1865, mjini Glasgow, daktari Joseph Lister alianza kutumia asidi ya kaboli kuzuia vidonda visioze, na asidi hiyo ya kaboli ndiyo fenoli yenyewe. Krezoli, ambazo ni ndugu zake wa karibu, nazo ziliingia kwenye dawa za kusafishia hospitali kwa miongo mingi. Kwa hiyo usiku ule pua yangu haikunidanganya. Ilitambua kitu ambacho ilikuwa imekutana nacho kweli, mahali pengine.

Zamani karibu wiski yote ya Uskoti ilikuwa na moshi, kwa kuwa mboji ndiyo ilikuwa kuni ya jirani na ya bei nafuu. Reli ilipoingia bonde la mto Spey mwaka 1863, makaa ya mawe yakafika kwa urahisi, na viwanda vya huko vikaanza kuiacha mboji. Ndiyo sababu Glenfiddich, The Glenlivet na The Macallan, zote za upande huo, zinajulikana leo kwa matunda, asali na viungo badala ya moshi. Islay, kisiwa chenye miti michache na kisicho na reli ya kukiunganisha na migodi, kiliendelea na mboji yake. Jina lake, kwa njia, hutamkwa Aila.

Namba inayodanganya

Ukianza kuulizia wiski za moshi, muda si mrefu utakutana na mtu atakayekutajia namba. Atakuambia hii ina PPM 35, ile ina 55, na nyingine imepita 100. Herufi hizo humaanisha sehemu kwa milioni, yaani miligramu za fenoli katika kila kilo ya kimea. Kwa makadirio yanayojulikana, kiwanda cha Springbank hutumia kimea cha 12 hadi 15, Highland Park na Talisker huzungukia 20, Bowmore 25, Lagavulin na Caol Ila karibu 35, Laphroaig 40 hadi 45, na Ardbeg 55. Kiwanda cha Bruichladdich kina wiski iitwayo Octomore inayoanzia 80 na kupanda. Toleo lake la 8.3 lilitokana na kimea kilichopimwa 309.

Sasa tulia hapa, maana ndipo watu wanapopoteza fedha. Namba hiyo imepimwa kwenye kimea kabla hakijasagwa, siyo kwenye chupa. Kati ya kimea na chupa kuna safari ndefu, na fenoli nyingi hubaki njiani: nyingine huondoka na maganda, nyingine hupotea kwenye mtambo wa kukeneka. Kinachofika kwenye pipa ni sehemu tu ya kilichoanza safari, na sehemu hiyo hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda.

Lagavulin na Caol Ila ndio ushahidi ninaoupenda kuliko wote. Viwanda hivi viwili viko kisiwa kimoja, chini ya kampuni moja, na kwa miaka mingi vimepata kimea kutoka sehemu moja, kiwanda cha kimea cha Port Ellen, kwa kiwango cha moshi kinachokaribiana mno. Ukizionja pamoja utadhani zimetoka nchi mbili. Caol Ila ni nyepesi, ina limau na chumvi, na moshi wake ni kama jivu safi la asubuhi. Lagavulin ya miaka 16 ni nzito, ina utamu wa matunda makavu, na moshi wake unakaa kinywani muda mrefu baada ya kumeza. Tofauti hiyo ni kazi ya mtambo na ya mtu anayeusimamia.

Wakati wa kukeneka, mvuke hautoki wote sawa. Wa kwanza hutupwa kando, ule wa katikati ndio unaohifadhiwa, na wa mwisho, ulio mzito, nao huondolewa. Fenoli hupenda kupanda kwa kuchelewa. Msimamizi anayekata mapema hupata kinywaji chepesi chenye moshi mdogo. Anayesubiri huvuta ndani zile harufu nzito za lami na dawa. Dakika chache za subira zinaweza kubadili wiski kuliko tofauti ya namba kumi kwenye kimea.

Halafu kuna pipa. Sheria inataka angalau miaka mitatu ndani ya pipa la mwaloni, lakini viwanda vingi husubiri kumi au zaidi, na kadiri miaka inavyopita, moshi hulainika na mbao huingia. Ukitaka moshi mbichi unaorukia pua, tafuta wiski changa. Lagavulin ya miaka 8 ina moshi ulio wazi zaidi kuliko ile ya 16, na watu wengi husitasita kuamini hivyo kwa sababu wamefundishwa kwamba umri huongeza kila kitu. Pipa lililobeba divai ya sheri nalo huja na zabibu kavu na viungo vinavyoufunika moshi, ilhali pipa lililobeba burboni ya Marekani huleta vanila na kuuacha moshi uonekane.

Kwa hiyo ukiambiwa namba, ipokee kama unavyopokea taarifa kwamba mchuzi umetiwa pilipili tano. Bado hujui ni pilipili gani, zilipasuliwa au la, wala kama kuna nazi ndani.

Anza na kilicho karibu

Huhitaji duka la kifahari kufanya jaribio la kwanza. Kaunta ya kawaida ya Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ina vyote unavyotaka. Agiza toti moja ya Chivas Regal ya miaka 12 au Glenfiddich ya miaka 12, na toti moja ya Johnnie Walker Black Label. Mwombe mhudumu asitie barafu wala soda. Mkiwa wawili, gawaneni. Hapa hamnywi ili kukata kiu.

Nusa kwanza ile ya Chivas au Glenfiddich. Utapata matofaa, peasi, asali. Kisha sogea kwenye Black Label. Kati ya wiski zinazochanganywa ndani yake imo Caol Ila, na ukitulia utaisikia: moshi mwembamba, kama wa jiko la mkaa la nyumba ya pili, ukipita nyuma ya utamu. Watu wamekunywa Black Label miaka ishirini bila kuutambua moshi huo kwa sababu hawakuwahi kuiweka kando ya kitu kisicho nao. Ulinganisho ndio unaofungua pua. Glasi moja peke yake haikufundishi kitu.

Jiulize maswali mawili. Je, umeusikia? Na uliposikia, ulitaka kurudia au ulitaka kuondoka? Kama ulitaka kuondoka, umejifunza jambo kubwa kwa gharama ya toti mbili. Kaa na wiski za bonde la Spey, au jaribu Auchentoshan ya karibu na Glasgow, iliyokenekwa mara tatu na isiyo na moshi; na usimruhusu mtu akuambie kwamba wiski halisi ni ya moshi. Nimewahi kukaa meza moja na watu wanaomcheka mgeni kwa kukunja uso, nami nachukia tabia hiyo. Ulimi wa mtu ni wake.

Kama ulitaka kurudia, panda ngazi moja tu. Hapo pana chupa tatu ambazo ningemkabidhi mtu yeyote. Highland Park ya miaka 12 inatoka visiwa vya Orkney, ambako miti ni nadra na mboji imejaa mizizi na maua ya kichaka kifupi kiitwacho hetha. Moshi wake una utamu kama wa asali iliyorinwa kwa kufukiza nyuki. Bowmore ya miaka 12 ni ya Islay, kutoka kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1779, nayo ina matunda na moshi vikiwa na uzito unaokaribiana. Ya tatu ni Talisker ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Skye. Ina chumvi, na mwishoni ina pilipili manga inayowasha ulimi kwelikweli. Kumbuka kwamba Talisker hiyo ina asilimia 45.8 ya pombe, wakati Highland Park na Bowmore mara nyingi huwa 40. Ukihisi inaunguza zaidi, usiupe moshi lawama. Tia maji kijiko kimoja cha chai kisha onja tena.

Ukifika hapo na bado unatamani zaidi, sasa ndipo swali linapobadilika. Watu hudhani ngazi inayofuata ni ya wingi wa moshi. Kwa uzoefu wangu ni ya aina ya moshi. Mboji ya bara, yenye mabaki mengi ya miti na vichaka, hutoa moshi mtamu wa kuni, na ya Islay huelekea zaidi upande wa dawa na mwani wa baharini. Kwa hiyo fikiria harufu za maisha yako. Kama unapenda samaki wa kubanika, pweza aliyekaushwa, hewa ya ufukweni maji yakiwa yametoka, basi Caol Ila ya miaka 12 itakukaribisha. Kama unapenda nyama choma, ule ukingo ulioungua kidogo wenye mafuta na utamu, tafuta Port Charlotte ya miaka 10 au Ardmore, na hii ya pili ni ya bara, siyo ya visiwani, na bei yake huwa ya kirafiki zaidi. Kama harufu ya lami mpya, masizi na limau haikusumbui, Ardbeg ya miaka 10 ni ya ajabu: kimea chake kina moshi mwingi kuliko cha jirani zake wawili, Lagavulin na Laphroaig, lakini kwenye glasi ni angavu kuliko namba yake. Na kama umegundua kwamba harufu ya hospitali inakuvuta badala ya kukufukuza, karibu Laphroaig. Mimi ilinichukua miaka minne kufika hapo, na leo ndiyo chupa ninayoifungua mvua ikinyesha.

Wapo pia wanaotaka kuiona ngazi yote ndani ya kiwanda kimoja, na kwao nitataja mahali pawili. Springbank, katika mji wa Campbeltown, hutoa Hazelburn isiyo na moshi, Springbank yenyewe yenye moshi kiasi, na Longrow ambayo kimea chake hufukizwa kwa mboji hadi saa 48. Bruichladdich nao wana wiski yao ya jina hilohilo isiyo na moshi, kisha Port Charlotte ya 40, kisha Octomore. Mafundi ni walewale na maji ni yaleyale, na tofauti kubwa ni ya moshi. Chupa hizi ni adimu na ghali katika Afrika Mashariki, ila kama una ndugu Ulaya anayerudi likizo, au mpo watu sita wa kuchangiana, ni darasa zuri kuliko maneno yangu yote.

Mitego ya lebo

Rangi haikuambii kitu kuhusu moshi. Sheria inaruhusu kutiwa rangi ya sukari iliyounguzwa, na wiski yenye moshi mzito kabisa inaweza kuwa ya rangi ya maji ya ndimu.

Jina la Islay peke yake halitoshi. Bunnahabhain, ambayo hutamkwa karibu na Bunahaven, imejijengea jina kwa wiski isiyo na moshi, ingawa iko kisiwani humohumo. Ikitaka kutoa yenye moshi huandika jina jingine la Kigaeli cha Uskoti, kwa mfano Mòine, maana yake mboji, au Toiteach, maana yake yenye moshi. Na kuna viwanda vya bonde la Spey, Benromach kikiwa mfano mzuri, vinavyotumia mboji kidogo kwa makusudi. Tafuta kwenye lebo maneno Peated, Peat, Smoke au Smoky. Yasipokuwepo, uliza, na muuzaji asipojua, usinunue kwa kubahatisha.

Utasikia pia kwamba moshi unatokana na maji ya mito inayopita kwenye mboji. Maji hayo kweli huwa ya rangi ya chai, na yanapendeza kwenye picha, lakini moshi wa wiski unatoka kwenye moto wa kukaushia kimea.

Namna ya kuonja

Mpangilio una nguvu kuliko glasi. Daima anza na isiyo na moshi, umalizie na yenye moshi mwingi, kwa kuwa ukishapitisha Laphroaig ulimini, kila kitakachofuata kitakuwa na ladha ya maji ya jivu kwa nusu saa. Aina tatu kwa jioni moja zinatosha. Ya nne pua haiisikii tena. Mililita 15 hadi 20 kwa kila aina zinatosha kabisa kwa kuonja. Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba hukusanya harufu vizuri, lakini glasi ndogo ya divai itafaa.

Usitumbukize pua ndani. Ishike glasi chini ya kidevu, ipandishe taratibu, ukiacha mdomo wazi kidogo, hadi uanze kusikia kitu. Ukienda kwa kasi, mvuke wa pombe utakuchoma na hutasikia moshi wala tunda. Kisha onja tone dogo na ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Barafu hufunga harufu, kwa hiyo iache kwa siku ya kuonja. Siku nyingine zote kunywa upendavyo. Wiski ya moshi yenye soda baridi kando ya nyama choma ni kitu kizuri sana, nami nashangaa kwamba watu wetu hawajaijaribu vya kutosha.

Kati ya glasi na glasi, kunywa maji na utafune mkate mkavu. Epuka manukato siku hiyo, na udi pia, hata kama wageni wanakuja.

Na kwa kuwa harufu ni ya hospitali, niseme wazi: moshi hauifanyi wiski kuwa dawa. Mililita 25 za wiski ya asilimia 40 zina mililita 10 za pombe halisi, iwe na moshi au isiwe nao. Mjamzito asiguse, anayetumia dawa amuulize daktari wake, na anayeendesha gari akae na glasi ya maji au aje na mtu wa kumrudisha.

Kununua na kutunza

Wiski ghali huigwa, na wiski ya kuigwa inaweza kuua, maana hujui kilichomo. Kagua kifuniko na stempu ya kodi kabla ya kulipa. Nchini Kenya mamlaka ya mapato ina programu ya simu iitwayo Soma Label ya kuhakiki stempu, na Tanzania kuna Hakiki Stempu. Chupa ambayo stempu yake haisomeki, au ambayo bei yake ni nusu ya ile ya duka la jirani, iache hapohapo. Ukiwa bado unatafuta kipimo chako, nunua chupa ndogo za mililita 50 au 200 zikipatikana, au changeni mzinga mmoja watu wanne na kila mtu aondoke na robo yake.

Chupa iliyofunguliwa isimamishe wima, kwa sababu pombe ya nguvu hii hula kizibo kikilala ndani yake. Iweke mbali na dirisha na mbali na jiko. Haichachi kama divai, lakini hewa inayoingia humo hupunguza harufu polepole, na moshi, kwa masikitiko ya wanaoupenda, hufifia mapema. Ikibaki chini ya robo, ihamishie kwenye chupa ndogo safi hadi ijae shingoni, bandika karatasi yenye jina lake, na uimalize ndani ya miezi michache.